Pointi za Form Six zinatabiri nini hasa chuoni? Niliyoyaona nikifundisha mwaka wa kwanza (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Matokeo ya kidato cha sita yametoka, dirisha la udahili limefunguliwa, na simu yangu haipumziki. Ndugu, majirani, watu niliosoma nao, wote wanauliza jambo moja: "Kijana ana pointi hizi, chuo atakiweza?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona heri niandike hapa, wengi wasome mara moja.

Nafundisha hesabu za mwaka wa kwanza kwa wanafunzi wa uhandisi katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Chuo sitakitaja. Kila mwanafunzi anayeingia darasani kwangu ana namba iliyomleta, na baada ya mwaka anakuwa na namba nyingine, GPA, yaani wastani wa alama zake chuoni. Nimezoea kuziweka bega kwa bega. Ninachokiamini baada ya miaka yote hii ni hiki: pointi za kuingilia zinasema mengi kuhusu semesta ya kwanza, zinasema machache kuhusu mwaka wa pili, na kufika mahafali sauti yake imekwisha kabisa. Tunakosea tunapozitumia kumhukumu mtu. Zingetufaa zaidi kutuonyesha nani ashikwe mkono mapema.

Tuanze na hesabu ya pointi zenyewe, maana hata wazazi waliosoma wanazichanganya. NECTA (Baraza la Mitihani) wanahesabu A kuwa 1 na F kuwa 7, hivyo namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri: Division One ni 3 hadi 9, Two ni 10 hadi 12, Three ni 13 hadi 17. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanahesabu kinyume. Kwao A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na sifa ya chini ya kuomba shahada ni kufaulu masomo mawili kwa kiwango cha principal (A hadi E), yenye jumla isiyopungua 4.0. Sasa chukua watoto wawili. Mmoja ana D, D, E. Mwenzake ana E, E, E. Wote cheti kinasema Division Three, mmoja ya 13 na mwingine ya 15. Lakini wa kwanza ana 4.0 na anaomba shahada, wa pili ana 2.0 na mlango umefungwa. D inaanzia alama 50. E inaishia 49. Ina maana mtoto aliyepata 49 na 49 amepitwa na mwenzake wa 50 na 50 kwa alama mbili tu za karatasi, na maisha yao yanaachana hapo.

Halafu mizani yenyewe iliwahi kubadilishwa. Waliomaliza 2014 na 2015 walipangwa kwa mfumo wa GPA, ikaingizwa B+ yenye pointi 4, B ikashuka hadi 3 na C hadi 2. Mwaka 2016 Profesa Joyce Ndalichako, akiwa Waziri wa Elimu, akarudisha division. Kwa hiyo niliwahi kuwa na wanafunzi darasa moja, mmoja alirudi kusoma baada ya kukaa mtaani na mwingine katoka shule juzi, herufi zao zinafanana kwenye fomu na hazina uzito mmoja.

Hayo ni ya kuhesabu. Lipo jingine linalowapoteza hata walimu wenzangu. Utasikia mtu anasema: "Pointi hazina maana yoyote, mimi nimeona wa pointi 7 za TCU anampita wa pointi 10." Ni kweli amemwona. Lakini amewaona waliopita tu. Mama akishachekecha unga, ulioanguka chini ya chekeche chembe zake zinakaribiana. Huwezi kuutazama unga huo peke yake ukasema chekeche halikufanya kazi, kwa sababu makapi yamebaki juu na hayako mbele yako. Ndivyo ilivyo kwa kozi inayochukua wenye 9 na 10 peke yao: tofauti kati yao ni alama chache za karatasi moja, kwa hiyo kinachokuja kuwatenganisha chuoni ni mambo mengine kabisa, usingizi, boom (fedha za mkopo) kuchelewa, kuuguza mzazi, kukaa hosteli au kupanga chumba kilomita kumi kutoka chuoni. Kwenye kozi inayopokea kuanzia 4 hadi 10, hapo pointi zinasikika waziwazi. Nimefundisha kozi za aina zote mbili, na mwalimu wa ile ya kwanza na mwalimu wa ile ya pili wakikaa kubishana hawawezi kuelewana, kila mmoja anasema kweli ya darasa lake.

Kwa nini semesta ya kwanza hasa? Kwa sababu inafanana na Form Six. Nusu ya ninayofundisha wiki za mwanzo ni kutofautisha (differentiation) na kuunganisha (integration), vekta, namba changamano. Aliyepata B ya Advance, yaani hesabu za juu za Form Six, ameyaona hayo yote. Aliyepata D ameyaona pia, ila kwa haraka, labda kwenye shule iliyokuwa na mwalimu mmoja wa hesabu kwa mikondo minne. Kigezo hutabiri vizuri kile kinachofanana nacho. Kufika mwaka wa tatu kuna kusanifu, kuna projekti, kuna kwenda field na kuandika ripoti, na mtihani wa NECTA haujawahi kumuuliza mtu lolote katika hayo.

Karibuni tujadili. Nitajibu nikitoka darasani.

#2 Mzazi, Morogoro

Mwalimu, asante kwa kuandika. Binti yangu kasoma PCM. Fizikia D, Advance D, Kemia E. Anataka uhandisi wa ujenzi tangu akiwa mdogo, baba yake alikuwa fundi. Ndugu wa mume wanasema aende diploma kwanza, shahada itamshinda, atadisko (atafukuzwa kwa kufeli) atutie hasara. Mimi nimemwona huyu mtoto akisoma kwa tochi ya simu. Nifanyeje? Usinifiche.

#3 Mchangiaji, Dodoma

Mleta mada, nakuheshimu lakini umelegea. Tukianza kusema pointi hazimhukumu mtu tutajaza vyuo watu wasioweza. Mwaka 2016 wanafunzi 7,802 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliondolewa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na nchi nzima ikajadili sifa zao. Mnataka turudi huko? Daraja likianguka hatutauliza mhandisi alikuwa na moyo kiasi gani.

#4 Mleta uzi

Mama wa Morogoro, swali lako ni zito na silijibu kwa haraka. Nitarudi kwako, usiondoke.

Mkuu wa Dodoma, kigezo nakitaka. Nimesahihisha karatasi za mtu aliyeingia bila msingi wowote wa hesabu, na si huruma kumwingiza mtu mahali ambapo atakaa miezi minne haelewi sentensi moja ubaoni. Ninachopinga ni kukipa kigezo kazi isiyo yake.

Na hilo la 2016 tulikumbuke lilivyokuwa. Sababu iliyotolewa kwanza bungeni ilikuwa kwamba wahadhiri wameacha kuwafundisha. Hoja ya sifa zao ilikuja siku chache baadaye, na neno "vilaza" likawaganda vijana wale mpaka leo. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka kumi na nane, kumi na tisa, walibeba mabegi usiku wakitafuta basi. Hakuna aliyesubiri matokeo yao ya mwaka ili tujue kama pointi zao za Form Four zilitabiri sawa au la. Kama lengo lilikuwa kujua nani anafaa kufundisha sayansi, tulipoteza nafasi kubwa ya kujua.

Kuhusu daraja: daraja halijengwi na pointi za kuingilia. Linajengwa na mtu aliyefaulu mitihani ya miaka minne, akafanya kazi chini ya mhandisi mwenye uzoefu, akasajiliwa na bodi. Kigezo cha kuingia kikilegea, mitihani ya ndani ipo. Mitihani ya ndani ikilegea, hapo ndipo mimi na wewe tuogope kupita juu ya daraja.

#5 Mchangiaji, Mbeya

Mimi ni wa diploma. Form Four nilipata Division Three, sikuchaguliwa Form Five, nikaenda chuo cha ufundi miaka mitatu, umeme. Nikatoka na GPA 3.6, nikaomba shahada. Siku ya kwanza mhadhiri mmoja aliuliza, "Waliotoka diploma nyoosheni mikono," tukanyoosha, akasema, "Nyinyi ndio mtakaonipa kazi." Sijasahau. Semesta ya kwanza nilipata sup (mitihani ya kurudia) mbili, zote hesabu. Nilimaliza na 3.9.

#6 Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu wa Mbeya, na hongera. Ngoja niwaeleze nilichokiona kwa macho, kwa sababu kinaendana na chako.

Siku moja nilipita karakana ya umeme kumtafuta mwenzangu. Kulikuwa na zoezi la kuwashia mota ya fezi tatu kwa mtindo wa star-delta: kontakta tatu, taima, swichi ya kuwasha na ya kuzima, na rundo la nyaya. Meza nne zilikuwa za vijana waliotoka Form Six moja kwa moja, vijana wenye A na B. Walikuwa wamesimama, mchoro mkononi, wanabishana waya wa kwanza uanzie wapi. Meza ya tano alikuwapo kijana wa diploma na wenzake wawili. Huyu hakuangalia mchoro hata mara moja. Alikuwa anavua maganda ya waya kwa koleo, anafunga skrubu, anavuta kidogo kuhakikisha haulegei, anaenda wa pili. Alipomaliza alipima kwa mita kabla ya kuwasha, akamwambia mwenzake atoe mkono mezani, akabonyeza. Mota ikanguruma, ikatulia, taima ikabadilisha, sauti ikapanda. Meza nyingine zote zikageuka.

Wiki mbili baadaye kijana huyohuyo alikuja ofisini kwangu na karatasi ya testi ya kwanza. Alikuwa na 9 kati ya 40. Swali la kwanza lilikuwa na vipengele vya Form Five kabisa, na kwenye kipengele cha logarithm alikuwa ameacha nafasi nyeupe. Hakuwa mvivu, wala si kwamba alisahau. Hakuwahi kufundishwa. Diploma yake ilimpa hesabu za kutosha kwa kazi ya diploma, hapo ikaishia.

Ukimtazama kwa testi yangu utasema kigezo cha GPA 3.0 ya diploma kimeingiza mtu asiyefaa. Ukimtazama karakana utasema ndiye mhandisi pekee darasani. Vyote viwili ni yeye. GPA ya diploma ni kipimo cha miaka mitatu, mitihani mingi, projekti na mafunzo ya kazini. Pointi za Form Six zinatoka kwenye majuma machache ya Mei. Kimoja kinapima ustahimilivu na mikono, kingine kinapima kina cha nadharia. TCU wenyewe wameyumba kidogo hapa, mwaka 2016 kigezo cha diploma kilipandishwa hadi 3.5, kisha kikarudishwa 3.0. Kupandisha na kushusha namba hakugusi pengo lenyewe, ambalo lina mahali linapokaa panapojulikana: ni mada kama kumi za Advance. Mtu wa diploma akizibiwa hizo mada katika miezi mitatu ya kwanza, kwa niliyoyaona mimi, kuanzia mwaka wa pili hujui tena nani katokea wapi.

#7 Mchangiaji, Arusha

Mimi nafikiri dawa ni usaili. Mwite mtoto, ongea naye, angalia tabia, nidhamu, kama ana nia. Mitihani inakaririwa, tabia haikaririwi.

#8 Mleta uzi

Mkuu wa Arusha, wazo lako lina historia ndefu hapa kwetu kuliko wengi wanavyokumbuka.

Azimio la Musoma, Novemba 1974, lilifuta utaratibu wa kutoka Form Six moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Mwombaji alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha apate barua za kumpendekeza kutoka kwa mwajiri na kwa chama. Nia ilikuwa njema: chuo kisiwe cha watoto waliotengwa na jamii, na tabia ya mtu ihesabike pamoja na cheti. Darasani pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakaja watu wazima waliojua kazi na wenye maswali mazito. Lakini shida zikajitokeza. Waombaji wa sayansi na uhandisi walipungua, hesabu zilikuwa zimepoa vichwani kwa kukaa nje, na wanawake walipungua pia kwa sababu miaka hiyo miwili au mitatu ndiyo ya kuolewa na kuzaa. Ikabidi makundi hayo yalegezewe masharti. Na ile barua ya tabia, fikiria inaandikwa na nani. Bosi anayekupenda anaandika vizuri, asiyetaka uondoke anaikalia.

Kuhusu usaili wenyewe, kuna kisa cha Marekani nakipenda kwa sababu kilitokea bila kupangwa. Mwaka 1979 chuo cha udaktari cha University of Texas pale Houston kilikuwa kimewahoji waombaji wapatao 800, kikawapanga wote kwa mstari kutoka anayefaa sana hadi asiyefaa, na kikachukua 150 kutoka sehemu ya juu. Baadaye bunge la jimbo likaagiza waongezwe 50. Kufikia wakati huo waliobaki bila chuo walikuwa wa mkiani, kuanzia nafasi ya 700 kwenda chini. Wengi wao hakuna chuo kingine chochote cha udaktari kilichowataka. Wakaingia wakachanganywa na wenzao. Waliwafuatilia darasani, wodini, mpaka mwaka wa kwanza wa kazi baada ya kuhitimu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1987, makundi mawili hayakuonekana kutofautiana. Mstari ule ulikuwa umepangwa na watu wenye elimu kubwa, kwa uangalifu, na upangaji wao haukutabiri kitu.

Sisemi usaili haufai popote. Nasema mtu mzima akikaa dakika ishirini na kijana mwenye woga, anapima zaidi nani amezoea kuongea na watu wazima. Mtoto aliyelelewa aitikie "shikamoo" na kuinamisha macho atapoteza alama kwa adabu yake.

#9 Mchangiaji, Nakuru

Wandugu, hata sisi huku Kenya tuna vita hivyo hivyo. KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, wanaweka C+ ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) kama mlango wa digrii, halafu cluster, alama za masomo yanayohusu kozi, ndiyo huamua kozi gani. Mtu mwenye C kamili anaambiwa aende diploma. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na nawaambieni C kamili ya shule ya kutwa isiyo na maabara na C+ ya shule kubwa ya bweni, mimi namwogopa zaidi yule wa C kamili. Huyo alifika hapo akitembea.

#10 Mleta uzi

Mwalimu wa Nakuru, umenena jambo ambalo ndilo kiini. Alama ni ya mtoto na ya shule yake kwa pamoja, na ikifika chuoni tunaiandika yote kwa jina la mtoto.

Wenzetu wa California waliligundua hili kwa njia yao. Mwaka 2007 Saul Geiser na Maria Veronica Santelices waliwafuatilia karibu wanafunzi 80,000 waliodahiliwa University of California kwa miaka minne, wakakuta wastani wa alama za darasani za sekondari ulitabiri GPA ya chuo kuliko SAT, mtihani unaotumika Marekani kuingilia vyuo, na uzito wake haukupungua miaka ilivyosonga. SAT ndiyo iliyofungamana zaidi na hali ya familia. Mwaka 2020 kamati ya wahadhiri wa chuo hicho hicho ikachambua upya, safari hii ikakuta mitihani inatabiri vizuri kuliko alama za darasani, pengine kwa sababu shule nyingi zilikuwa zimeanza kugawa alama kubwa kwa wepesi. Mwaka huohuo bodi ya chuo ikaamua kuachana na SAT hata hivyo. Kisha MIT, chuo kingine cha Marekani cha sayansi na teknolojia, waliosimamisha mitihani wakati wa korona, wakairudisha Machi 2022, wakisema hasa alama za hesabu zinawasaidia kujua nani atamudu. Ukijua kwamba pale kila mwanafunzi, hata wa muziki, lazima apite hesabu na fizikia za chuo, unawaelewa.

Mimi nasoma hivi visa vyote na kuona jambo moja la kazi: huwezi kuuliza "kigezo hiki kinatabiri?" bila kuuliza "kinatabiri nini, kwenye kozi gani, mwaka wa ngapi?"

#11 Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Mwalimu, naomba uongelee lugha. Mimi nimetoka shule ya kata, msingi nimesoma Kiswahili kitupu. Chuoni mara nyingi siyo kwamba sijui, ni kwamba nachelewa kuelewa swali linataka nini. Muda unaisha.

#12 Mleta uzi

Mwanangu, hilo nalifahamu kwa karatasi ninayoikumbuka hadi mwandiko wake.

Swali lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu (a) ilitaka apate integrali fulani, akaipata safi, mistari sita, hakuna kosa. Sehemu (b) ilianza na neno "hence" (kwa hiyo), ikimtaka atumie jibu lake la (a) kupata eneo chini ya grafu. Yote ilikuwa nyeupe. Alama nane hazipo. Nilimwita, nikamwambia kwa Kiswahili: "Chukua jibu lako la juu, utafute nalo eneo." Akachukua chaki. Mistari minne. Akageuka akaniuliza, "Kumbe ndicho walichotaka?"

Neno lile moja lilimtoa kwenye B likampeleka C. Advance alipata C, na huenda neno la aina hiyohiyo lilimnyima B hata kule. Kwa hiyo kigezo cha kuingilia na GPA ya chuo vikifanana kwa mtu kama huyu, sehemu ya kufanana huko ni kwamba vyote viwili vimepima Kiingereza chake. Nilibadilisha namna ninavyotunga. Siku hizi naandika "tumia jibu la sehemu (a)" kwa Kiingereza chepesi kabisa, na sijaona hesabu ikiharibika kwa hilo.

Na jambo jingine nilifanya. Wiki ya pili, kabla hatujafika mbali, nawapa karatasi ya maswali kumi na mawili ya Form Five na Six. Haina alama, haiingii popote. Mtihani wa NECTA ni wa Mei na sisi tunafungua mwishoni mwa mwaka, katikati hapo kuna miezi ya kuuza duka la shangazi, kulima, kusubiri mkopo. Vichwa vimepoa. Karatasi ile ndogo imeniambia nani atapata shida kwenye testi ya kwanza kwa uhakika kuliko pointi zilizomo kwenye faili. Walioanguka nawaomba waje Jumamosi asubuhi. Niliomba idara iweke saa hizo kwenye ratiba rasmi, zilipwe, zipewe chumba. Jibu lilikuwa kwamba ratiba imejaa, na kwamba mwanafunzi aliyedahiliwa anahesabiwa kuwa amekidhi sifa. Liliniuma, kwa sababu sifa za kuingia zilikuwa zimegeuzwa kuwa sababu ya kutomfundisha. Tunaendelea chini ya mwembe nyuma ya karakana, na ubao wa kubeba.

#13 Mzazi, Morogoro

Mwalimu bado nipo. Nimesoma yote, mengine nimemsomea binti kwa sauti.

#14 Mleta uzi

Asante kwa kusubiri, mama. Sasa nikujibu wewe.

Binti ana D ya Fizikia na D ya Advance. Hiyo ni 4.0 katika masomo yanayotakiwa hasa, kwa hiyo sifa ya chini anayo. Sifa ya chini si nafasi. Kozi ya ujenzi ina ushindani na vyuo huanza na wenye pointi nyingi, kwa hiyo aombe zaidi ya chuo kimoja, na aangalie kwenye mwongozo wa TCU kila chuo kinataka nini na kina nafasi ngapi kwa kozi hiyo. Akikosa dirisha la kwanza asikate tamaa, asubiri la pili.

Akikosa kabisa, diploma si aibu, na kijana wa Mbeya hapo juu ni ushahidi. Ila asiende diploma kwa sababu ndugu wamesema shahada itamshinda. D mbili hazisemi hivyo. Zinasema semesta ya kwanza itamwia ngumu kuliko mwenzake wa B, na ajiandae kwa ugumu huo akijua unatoka wapi.

Kuanzia wiki hii atafute daftari jipya la hesabu. Aanze na logarithm na vipeo, siku tatu. Kisha trigonometria, zile fomula za jumla na tofauti za pembe azipate kwa mkono bila kutazama, wiki nzima. Kisha kutofautisha, kisha kuunganisha, kila siku maswali kumi, asiruke hata kama anaona mepesi. Akifika chuoni aingie kwenye kundi la kusomea wiki ya kwanza, asingoje testi. Testi ya kwanza ikirudi chini ya nusu, aende ofisini kwa mwalimu wiki hiyohiyo na karatasi mkononi. Wanaokuja wiki hiyo wengi tunawaokoa. Wanaokuja Januari wakati mtihani wa mwisho uko mlangoni, mara nyingi tunaishia kuwapa pole.

Na akidahiliwa chuo chochote chenye uhandisi, niandikie hapa hapa. Nitaweka maswali yangu kumi na mawili ayafanye nyumbani, kwa saa yake, bila simu. Atume picha ya karatasi, hata kama kaacha nafasi nyeupe. Hizo nafasi nyeupe ndizo ninazotaka kuziona.